Mnyama Asiye na Pembe

Viwanja Sitini,
Ifakara.
9 Agosti 1998

Mdogo wangu Evaristo,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Sikitu, na kwa huyo mtoto wenu ambaye mpaka leo shangazi yake namjua kwa picha tu. Sisi hatujambo. Shemeji yako Hilari bado analalamikia goti. Goti hilo linamzuia kwenda shamba lakini halimzuii kwenda kilabuni, sijui ni goti la namna gani. Mpunga tumevuna kidogo, maana mvua za mwanzo wa mwaka zililaza mashamba ya watu chini ya maji. Baba naye hajambo. Amekonda, lakini hajambo.

Saruji yako imefika. Tuliipokea stesheni mifuko yote kumi, miwili imelowa pembeni lakini inafaa. Tuliipakia kwenye pikapu aliyoitafuta Nkwabi, yule Msukuma aliyehamia Kisawasawa na ng'ombe wake. Siku hizi ni jirani wa baba, wanabishana kutwa nzima kisha wanakula pamoja.

Uliandika kwamba saruji ni ya kujengea kaburi la mama. Nilimsomea baba barua yote, hakuna nilichoruka. Akasema sawa. Kesho yake akaanza kazi. Sasa hapo ndipo sijui nikuelezeje. Amechimba mashimo manne mbele ya nyumba yake, kando ya barabara kabisa, na amesimamisha nguzo nne nene za zege. Katekista Tadei alipita akafurahi, anaamini mzee anakijengea kigango mnara wa kengele. Nkwabi anasema ni josho la ng'ombe, ameshaanza kumshukuru. Mimi nilipomuuliza baba akaniambia, "Devota, wewe kapike." Nina wajukuu wawili, Evaristo, naambiwa nikapike.

Ninachokuomba ni kimoja tu. Njoo. Hata kwa siku tatu. Yapo mambo hayakai kwenye karatasi.

Ni mimi dada yako,
Devota

*

Mbeya,
30 Agosti 1998

Dada Devota,

Shikamoo. Huku kwangu wote wazima, ila baridi ya mwaka huu imetuonea. Sikitu anakusalimu. Dukani bado wananithamini, ndiyo maana nilipata hiyo saruji bila kusumbuliwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu na bado sijaielewa. Kaburi la mama liko mtoni, kwa wajomba. Kutoka Kisawasawa mpaka huko ni mwendo wa siku nzima. Hizo nguzo nne zinamhusu nini mama? Na kama baba amesema sawa, amesema sawa kwa lipi?

Unaniambia nije. Dada, nilishakueleza. Nitakuja kaburi likiwa limejengwa na msalaba wa saruji umesimama. Sikuwepo kwenye maziko, siwezi tena kuja kusimama mbele ya kichuguu cha udongo wenye majani kama cha mtu asiyekuwa na mtoto Mbeya. Jengeni kwanza. Siku hiyo hiyo nitakata tiketi.

Mwambie baba nguzo azing'oe.

Mdogo wako,
Evaristo

*

Ifakara,
4 Oktoba 1998

Mdogo wangu,

Barua yako ni kali, lakini ina shikamoo, kwa hiyo nimeipokea. Marahaba. Wote wazima huku. Mjukuu wangu mkubwa ameota jino la mbele. Hilari amenunua baiskeli, goti limepona siku ile ile.

Kuhusu nguzo, hazing'oki, kwa sababu sasa tumejua ni miguu.

Usicheke. Juzi nilishuka kwenye gari pale nikakuta juu ya nguzo kuna tumbo. Amelisuka kwa nondo, rimu za baiskeli na wavu wa kuku, akaviringisha magunia ya mpunga, akapaka saruji juu. Mimi nikisimama chini yake siligusi. Tadei amekasirika, anasema mnara wenye tumbo hajawahi kuuona. Nkwabi sasa anasema ni dume la ng'ombe na mzee anamtukuza yeye kwa urafiki wao. Watu wanaotoka Mang'ula wanasema ni tembo, eti mzee ametumwa na hifadhi ili wazungu wajue wamefika. Kila mmoja ana uhakika wake. Baba hajibu mtu, anachanganya zege.

Kuna jambo moja linanisumbua zaidi ya mnyama mwenyewe. Unaikumbuka ile futi kamba uliyomletea baba, ya chuma, inayojikunja yenyewe? Haigusi. Anapimia tete. Tete moja kavu, la kawaida, linalozidi kidogo kimo changu. Urefu wa tumbo, tete moja. Miguu, tete moja. Shingo nusu tete. Akimaliza kupima analifuta vumbi kwa kanga, na kanga yenyewe ni ya mama, halafu analilaza ndani juu ya kitanda. Yeye analala kwenye mkeka. Wapo wanaosema mzee amechanganyikiwa. Mimi nasema hapana, lakini siku hizi nasema kwa sauti ndogo.

Habari za kaburi njoo uulize mwenyewe. Baba kila nikienda neno lake ni hilo, "Mwambie aje."

Dada yako,
Devota

*

Mbeya,
1 Novemba 1998

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimemwandikia baba mwenyewe, barua mbili, hajanijibu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na ninaomba jibu la neno moja. Kaburi la mama limejengwa, ndiyo au hapana? Sitaki kusikia habari za tumbo.

Evaristo

*

Ifakara,
20 Desemba 1998

Mdogo wangu mpendwa,

Nakutakia Noeli njema, wewe na familia. Sisi tutaichinjia bata. Mvua zimeanza, barabara ya Kisawasawa inapitika kwa kusukumana. Mtoto wa kaka yake Hilari amepata ualimu. Jirani yetu yule mwenye cherehani amehamia Mlimba, amenidhulumu gauni. Rosemery anakusalimu, uliyesoma naye, ana watoto sita sasa na anauliza kama bado unaogopa vyura.

Swali lako nimeliona.

Baba wiki iliyopita aliteleza kwenye jukwaa akaumia mbavu. Hazikuvunjika, ila amebaki na kikohozi. Alipumzika siku moja, ya pili akapanda tena. Kwa hiyo mnyama amekamilika, na nimeweka picha humu ndani. Tulimpigisha kwa yule mpiga picha anayezunguka na baiskeli. Huyo aliyesimama chini ya kidevu ni mimi, ndiyo uone ukubwa wake.

Sasa ugomvi umehamia kwenye kichwa. Kwanza hana pembe. Nkwabi alimpelekea baba pembe za dume lake lililokufa, nzuri kabisa, bure. Baba akakataa. Wale wa tembo wanadai mkonga na masikio makubwa, yeye ameweka madigadi mawili ya baiskeli. Pili, kichwa amekigeuza. Mwili unaelekea milimani, uso unatazama nyuma, huku Ifakara. Magari yakitoka Mang'ula yanaona kifua bila uso, madereva wanasimama kushangaa, wanashuka, wanamzunguka, wanagombana, wanapanda tena. Makonda wamepaita Kwa Mnyama. Ukisema "nishushe kwa mzee Valeriani" hawakuelewi.

Na kifuani ameacha tundu la upana wa kiganja. Nilimuuliza la nini, akasema bado. Kuku wa Nkwabi ameshaanza kutagia humo, na kila siku baba anapanda ngazi kwenda kumtoa.

Nimemwambia, "Baba, wewe ulijenga visima, ulijenga nyumba za watu, leo unachekwa barabarani." Akaniambia wanaosimama kucheka wamesimama, hilo ndilo alilotaka.

Evaristo, baba anakohoa. Njoo.

Devota

*

Mbeya,
17 Januari 1999

Dada Devota,

Picha nimeipata. Nimeipeleka dukani. Mmoja amesema punda, mwingine ngamia, mhasibu amesema ni mbwa aliyekuzwa. Mimi nilipoulizwa nimesema ni punda. Basi, hongereni kwa punda wenu.

Mama yangu amelala kwenye udongo mtupu mwaka wa pili huu, na saruji niliyoitafuta mimi, nikaibeba mwenyewe begani mpaka kwenye behewa, imeisha kwenye mgongo wa punda ambaye makonda wanamtumia kama kituo cha basi. Sina la kuongeza. Sitatuma kitu tena. Siandiki tena. Na huko siji, msinisubiri.

E. Valeriani

*

Ifakara,
11 Aprili 1999

Mdogo wangu Evaristo,

Barua yako haikuwa na shikamoo, na nimeona ulivyotia sahihi kama mtu wa ofisini. Nimeandika majibu matatu nikayachana. Hili la nne nitalituma hata likiwa baya.

Wote wazima. Sasa kaa chini. Sikitu kama yupo karibu mwite, na akupe maji ya kunywa.

Baba alinikataza kuandika haya ninayoandika. Kwetu unajua, habari ya namna hii haiendi kwa karatasi. Mtu anaambiwa akiwa amekaa, ameshapewa maji, na yupo wa kumshika. Ndiyo maana nimekuita mpaka nimeonekana mjinga. Wewe unasema huji mpaka kaburi lijengwe. Sisi hatuwezi kukuambia habari za kaburi mpaka uje. Mwaka mzima tumekaa hivyo, na mimi nimechoka, na baba kikohozi hakimwachi. Sitaki barua ya msiba wa pili ndiyo ikulete.

Kaburi la mama halipo.

Mwaka jana mwezi wa pili, kwenye mvua zile, mto uliacha njia yake ukapita kwenye makaburi ya wajomba. Wewe ulisikia redioni ukaandika kuuliza, nikakujibu tuko salama. Tuliokuwa hai tulikuwa salama. Maji yalipopungua baba alikwenda na mtumbwi, akazunguka siku nne, hakukuta hata ule msalaba wa mti. Pale alipolala mama sasa ni mto wenyewe, watu wanatega samaki. Wajomba wamehamia juu. Nisamehe, mdogo wangu. Nilitakiwa kukushika mkono ninapokuambia hivi.

Saruji yako ilipofika, Tadei, ambaye hilo la mto analijua, alimshauri baba aweke msalaba tu hapo Kisawasawa uwe ukumbusho. Baba akakataa katakata. Unamjua na imani zake za zamani, kaburi tupu linaita mtu. Alisema ana mtoto mmoja aliye mbali na hawezi kuchimba shimo tupu njiani mwake.

Sasa tete. Hili nimelijua juzi tu, homa ilipompanda. Siku ya msiba, aliyempima mama urefu kwa ajili ya wachimbaji ni baba. Ndiye fundi, hakuna aliyefikiria mtu mwingine. Na unajua tete la kumpimia marehemu linaingia kaburini pamoja naye, halirudi nyumbani. Baba alipomaliza kupima alifanya alichofanya miaka arobaini kazini. Akachomeka kipimo kwenye mfuko wake wa vifaa, pamoja na timazi na pima maji, akaenda kukaa na wanaume. Tukazika. Alilikuta baada ya wiki, alipotaka timazi. Akaogopa kumwambia mtu. Mto ulipokuja, moyoni mwake akajua ni yeye aliyeuita. Nimemwambia mto umechukua makaburi ya watu wote, hata wale ambao matete yao yaliingia vizuri. Hanisikii.

Kwa hiyo tete ndilo lililobaki la mama. Lile tundu la kifuani ni la kuliingiza humo, kisha pazibwe. Nikamwambia, baba, basi liingize tumalize, kuku naye apate adabu. Akasema safari ile mmoja hakuwepo, safari hii hazibi mpaka wawepo wote. Saruji ya kuzibia ameiweka ndoo moja chini ya kitanda, ameifunika kwa nailoni, na kila akiamka anaigusa kama imeanza kuganda, maana mvua hizi zinaingiza unyevu mpaka kwenye chumvi.

Lakini usinidhanie nimeelewa yote. Kwa nini mnyama, na mnyama gani, mimi mwenyewe sijui mpaka leo. Nilimwambia, "Baba, Evaristo anasema ni punda." Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akasema, "Anajua huyo. Anajua."

Unajua nini, Evaristo?

Devota

*

Mbeya,
2 Mei 1999

Dada yangu Devota,

Shikamoo. Na ile ya Januari ambayo sikuiandika, shikamoo hiyo pia.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa. Sikitu alikuwepo na maji nilipewa. Sikuweza kwenda kazini siku mbili. Nimelia, dada, sitaficha.

Na mimi nina langu. Niliwaambia simu ya msiba ilinifikia imechelewa. Haikuchelewa. Ilifika mapema, nikaogopa, nikaacha treni ya kwanza ikaondoka. Miaka mitatu mama alikuwa ananiambia njoo Noeli, na mimi namjibu mwakani. Niliogopa kuwakuta watu wanaojua hilo. Nikapanda treni iliyofuata, nikashuka Ifakara asubuhi, mmeshazika jana yake. Pale stesheni kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anarudi kwao kutoka kwenye msiba wetu, anawasimulia wenzake kwamba wamefika watoto wote isipokuwa wa mwisho, na ndiye marehemu aliyekuwa akimwita. Kisha akanigeukia akaniuliza, "Na wewe baba, wa wapi?" Nikamjibu mimi mpita njia tu.

Baada ya kusema hivyo sikuweza tena kuja nyumbani. Ningewezaje? Nikakaa benchi la stesheni mpaka treni ya kurudi ikaja. Mkononi nilikuwa na kitenge nilichomnunulia mama tangu Noeli ya kwanza aliyoniita. Kipo sandukuni, hakijakunjuliwa hata mara moja. Ndiyo maana nilishikilia kaburi na saruji. Nilitaka siku nikifika pawe na kitu kikubwa nilichokifanya, watu wakitazame hicho wasinitazame mimi.

Umeniuliza ninajua nini. Picha ilipofika nilimjua siku ile ile, nikasema punda kwa hasira. Wewe uliolewa mapema, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa na mama dunguni msimu wa kulinda mpunga. Unakumbuka ukoo wa mama hawali sheshe, wale swala wa bondeni. Mimi niliwahi kula nyama yake kwa jirani, mama akanisukutua mdomo kwa majivu mpaka fizi zikatoka damu. Asubuhi hao sheshe walikuwa wanapita pembeni ya shamba kwenda majini. Siku moja jike mmoja akafika kwenye majani marefu akasimama, kichwa amekigeuza nyuma, haendi wala harudi. Nikachukua jiwe. Mama akanishika mkono akasema, "Mwache. Anamsubiri wa nyuma." Nikaliweka jiwe chini, na kweli, baada ya muda mtoto wake akatokea. Baba alikuwa chini anatengeneza ngazi ya dungu. Wala sikujua kama alisikia.

Kwa hiyo ni hivyo. Barua hii nampa mtu wa treni aikabidhi kwa Hilari stesheni, posta itachelewa. Ijumaa tarehe 14 tutapanda, mimi, Sikitu na mtoto. Nipokee Ifakara twende wote, maana sitaki kushuka peke yangu. Baba asizibe. Ile ya ndoo kama imeganda asihangaike, naleta mfuko mpya, nitaubeba mwenyewe. Kitenge nacho ninakuja nacho, na kama baba ataniruhusu, tutalifunga tete humo kabla ya kuliingiza. Kuku wa Nkwabi mfukuzeni.

Na Nkwabi mwenyewe mwambieni aache kudai pembe. Yule ni jike.

Wa nyuma wenu,
Evaristo